Joto linalomwangusha mkimbiaji linatoka wapi?

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Muda wake ulikuwa 2:09:48. Anayefuatilia namba lazima ajiulize, maana Aprili ya mwaka huo huo Simbu alishika nafasi ya pili Boston kwa 2:05:04. Bingwa wa dunia amechelewaje karibu dakika tano kuliko alivyokimbia miezi mitano nyuma?

Njia za Boston na Tokyo hazifanani, na mbio za kuwania medali hukimbiwa kwa kuviziana. Lakini sehemu kubwa ya jibu ni joto na unyevunyevu. Wiki hiyo waandaaji wa Tokyo walilazimika kuanzisha baadhi ya mbio za barabarani nusu saa kabla ya muda wa ratiba, kwa kuhofia hali ya hewa. Na hao ni watu wanaolipwa kukimbia, wana madaktari na wana watu wa kuwashikia chupa.

Huku kwetu anayeingia kwenye mbio za kilomita 21, Moshi mwishoni mwa Februari au Lewa, nchini Kenya, mwezi Juni, mara nyingi anabeba ushauri wa mtaani tu. Kunywa maji mengi uwezavyo. Vaa koti zito mazoezini utoe jasho, mafuta yayeyuke. Aliyeanguka kwa joto usimmwagie maji ya baridi, utamuua. Na lile la kujipa moyo: sisi ni Waafrika, jua tumelizoea. Ushauri huo una chembe za ukweli ndani yake, lakini mawili kati ya hayo yanaweza kumpeleka mtu kaburini. Ili kuona ni yapi, inabidi kwanza tuelewe joto lenyewe linatoka wapi, na wengi wanakosea hapo mwanzo kabisa.

Tukubaliane maneno

Ninaposema mbio za njia mchanganyiko, nina maana ya mbio ambazo ndani ya safari moja mguu unakanyaga ardhi tofauti tofauti, iwe lami, moramu, mchanga, majani au mawe. Mbio za nyika zinazokimbiwa kwa kuzunguka uwanja wa majani ni ndugu wa karibu, ila ni fupi na ardhi yake haibadiliki sana.

Joto la ndani ni joto la damu na viungo vya ndani, si la ngozi. Ukikaa tu huwa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Ukikimbia kwa bidii hupanda hadi 38 au 39, na kwa mwanamichezo hilo ni jambo la kawaida.

Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani linapopita nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika. Yote mawili kwa pamoja. Hii ni dharura ya kufa na kupona. Uchovu wa joto ni mdogo wake: mtu amelegea, anaona kizunguzungu, pengine anatapika, lakini anajua jina lake na anajua yuko wapi. Mweke kivulini, mlaze, mwinue miguu, mpe kinywaji, na kwa kawaida atasimama.

Jua ni mshiriki mdogo

Misuli ya binadamu inapofanya kazi, takriban robo ya nishati ndiyo inayogeuka mwendo. Robo tatu zinazobaki ni joto tupu. Chukua mtu wa kilo 60 anayekimbia kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu wa kawaida aliyefanya mazoezi. Kila kilomita inamgharimu karibu kilokalori 60, kwa hiyo saa moja ni 600, na 450 kati yake ni joto analotakiwa kulitoa nje. Mwili wa uzito huo unahitaji kilokalori 50 hivi tu kupanda nyuzi moja. Piga hesabu: kama joto lisingetoka, angepanda nyuzi moja kila baada ya dakika sita au saba, na angegonga nyuzi 42 kabla ya kumaliza kilomita ya sita. Hapo jua bado hatujaligusa.

Joto linalomwangusha mkimbiaji, kwa sehemu kubwa, amelitengeneza mwenyewe. Jua na hewa ya moto vinaongeza lao, ndiyo, lakini ubaya wao mkubwa ni kuziba mlango wa kutokea.

Mtu yuleyule hutengeneza kiasi kinachokaribiana cha joto kwa kila kilomita, akimbie haraka au polepole. Kinachobadilika ni muda alionao wa kulitoa. Ukipandisha mwendo kutoka kilomita 10 hadi 15 kwa saa, joto la dakika saba sasa unalizalisha ndani ya dakika chini ya tano. Ndiyo maana kiharusi cha joto huwapata zaidi wanaokimbia kwa nguvu kwenye umbali wa kati kuliko wale wanaotembea nusu ya marathoni huku wakipiga picha. Kule Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna mbio za kila Agosti za kilomita 11 na kidogo. Umbali huo mkimbiaji wa marathoni huuita kupasha misuli. Lakini ndani ya miaka 18 madaktari wa mbio hizo walitibu visa 274 vya kiharusi cha joto. Watu wanaziona fupi, wanajiachia, na mwili unachemka kabla miguu haijachoka.

Kazi ya jasho

Njia kuu ya kutoa joto wakati wa mbio ni jasho, na hapa kuna jambo linalosahaulika: jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Mtungi wa udongo unafanya vivyo hivyo. Maji yanapenya ukutani, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi huohuo ukiuweka Dodoma kwenye hewa kavu, maji yanakuwa baridi ya kuuma meno. Uweke Tanga au Mombasa mwezi Machi, kabla mvua hazijashuka vizuri, na maji yatakuwa ya uvuguvugu, kwa sababu hewa imeshashiba maji na haina pa kuweka mengine.

Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na kilokalori karibu 580. Kwa hiyo mkimbiaji wetu wa kilo 60 angehitaji jasho la kama lita 0.8 kwa saa kumaliza joto lake lote, ilimradi likauke. Linalodondoka toka kwenye kidevu na kulowesha soksi limepotea bure: maji yametoka, joto limebaki. Pwani mtu anaweza kutoa jasho mara mbili ya mwenzake wa bara na bado akapoa kidogo kuliko yeye.

Doha ilionyesha hili waziwazi. Mashindano ya dunia ya 2019 yaliianza marathoni ya wanawake ikikaribia saa sita usiku, Septemba 27, ili kulikwepa jua. Jua halikuwepo kweli. Lakini hewa ilikuwa na nyuzi 32 hivi, na unyevunyevu ulizidi asilimia 70. Walioanza walikuwa 68, waliomaliza 40. Mshindi, Ruth Chepng'etich wa Kenya, alitumia 2:32:43, wakati Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa 2:17:08.

Kwa sababu hiyo, kusoma kwenye simu kwamba leo ni nyuzi 29 hakukuambii mengi. Wanariadha, na majeshi kabla yao, hutumia kipimo kinachojulikana kwa herufi WBGT, kilichobuniwa miaka ya 1950 baada ya kuruta wa Marekani kuanguka sana mazoezini. Sehemu saba kati ya kumi za kipimo hicho hutoka kwenye kipimajoto kilichovishwa kitambaa kilicholowa, yaani kinapima jasho litakauka kwa kiasi gani. Sehemu mbili hutoka kwenye kipimajoto kilichofungiwa ndani ya tufe jeusi lililoachwa juani. Joto la hewa la kawaida, lile ambalo sote tunalitaja, lina sehemu moja tu. Mwongozo wa siku nyingi wa wataalamu wa tiba ya michezo nchini Marekani ulishauri mbio ndefu zisifanyike kipimo hicho kikipita nyuzi 28. Kwa ukanda wetu wa pwani, saa tatu asubuhi ya Februari haina shida kufika hapo.

Upande wa ndani nako kuna ugomvi. Ili joto lifike kwenye ngozi, lazima libebwe na damu. Damu hiyohiyo misuli inaitaka kwa ajili ya oksijeni, na tumbo linaitaka ili lisage ile jeli ya sukari uliyomeza njiani. Kadiri jasho linavyotoka, damu yenyewe inapungua ujazo, na moyo unaongeza mapigo kuziba pengo. Ndiyo sababu kilomita ya kumi na tano ya siku ya joto unakimbia mwendo uleule wa kilomita ya tano lakini moyo unagonga kama unapanda ngazi. Hujadhoofika. Moyo wako una kazi mbili.

Njia inapobadilika

Sasa ongeza ardhi. Mfano bora ninaoujua katika kanda hii ni marathoni ya Lewa, inayokimbiwa tangu mwaka 2000 ndani ya hifadhi ya wanyama ya Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya. Hifadhi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Njia ni ya vumbi na moramu, ina vilima visivyoisha, na lami hakuna. Askari wa wanyamapori hukaa vituoni na helikopta huzunguka juu kuhakikisha tembo na vifaru hawakutani na wakimbiaji. Kila mtu huongelea simba. Kwa maoni yangu simba wa Lewa wamepewa sifa wasizostahili. Kinachowamaliza watu pale ni mzunguko wa pili.

Mzunguko mmoja una kilomita 21. Wa nusu marathoni anaumaliza na kukaa kivulini. Wa marathoni nzima anafika palepale, anaona wenzake wamevaa medali na chupa mkononi, kisha anageuka kwenda kuurudia mzunguko uleule. Tofauti ni kwamba alipoanza alfajiri ilikuwa na ubaridi wa mlimani, na sasa jua liko juu, vumbi limeshakorogwa na mamia ya viatu, na vile vilima alivyovipanda akicheka vina sura nyingine.

Kuna mambo matatu yanayotokea kwenye njia ya namna hii ambayo lami haikufundishi.

La kwanza ni gharama ya ardhi laini. Watafiti wa Ubelgiji waliochapisha vipimo vyao mwaka 1998 walikuta kwamba kukimbia juu ya mchanga kunakula nishati takriban mara 1.6 ya kukimbia juu ya sakafu ngumu. Kutembea ndiko kubaya zaidi, mara 2.1 hadi 2.7, jambo ambalo aliyewahi kutembea mchanga mkavu wa ufukweni na mzigo mkononi hahitaji kuambiwa. Rudi kwenye hesabu yetu: nishati ikipanda mara 1.6, na joto nalo hupanda vivyo hivyo. Ukijilazimisha mchangani kushika mwendo uleule wa lami kwa sababu saa ya mkononi inakuambia umechelewa, umejiwashia moto wa mtu anayekimbia kilomita 16 kwa saa.

La pili ni upepo, na hili sijasikia likitajwa kwenye vikundi vya mazoezi. Ukikimbia kilomita 10 kwa saa kwenye hewa iliyotulia, unajitengenezea upepo wa kasi hiyohiyo usoni na kifuani, na upepo huo ndio unaokausha jasho. Ukifika kwenye mlima unashuka hadi kilomita tano kwa saa: upepo umekatika nusu, na misuli inafanya kazi zaidi. Mbaya kuliko huo ni upepo wa mgongoni. Ukivuma kwa kasi sawa na yako, wewe na hewa mnasafiri pamoja, na kwa ngozi yako ni kama umesimama ndani ya chumba kisicho na dirisha. Wakimbiaji wanaufurahia upepo wa nyuma kwa kuwa unasukuma. Siku ya joto uogope kidogo.

La tatu ni miteremko. Hapo joto linapungua kweli, na ndipo watu wanajilipa muda waliopoteza. Ila kushuka kunafanya misuli ya mapaja ijikaze huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo inaichana kwa ndani kuliko kupanda. Kwenye moramu yenye mawe yanayoteleza, mapaja yaliyochoka ndiyo yanayoshindwa kukushika. Kifundo cha mguu huteguka mara nyingi kwenye mteremko wa kilomita za mwisho, kwa mtu mwenye kiu anayetazama mbele badala ya kutazama chini.

Hewa kavu ya mwinuko kama wa Lewa ina hila yake pia. Jasho linakauka upesi mno kiasi kwamba hulioni. Ngozi inabaki kavu, na mtu anasema leo sijatoka jasho. Pitisha kidole shavuni: zile chembe nyeupe zinazokwaruza ni chumvi iliyobaki baada ya maji kuondoka. Umetoka jasho sana, tena limefanya kazi yake vizuri.

Yote haya yanaishia kwenye ushauri mmoja ambao wakimbiaji wa lami huuchukia. Kwenye njia mchanganyiko na siku ya joto, usikimbie kwa saa. Kimbia kwa pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, uko salama. Ukibaki na maneno mawili mawili na bado kuna kilomita kumi mbele, punguza, hata kama ni kutembea kila kilima. Kutembea kilima hakumpotezei mtu wa kawaida muda mwingi, na joto analoliokoa atalihitaji tambarare.

Maji, na maji kupita kiasi

Hapa ndipo ushauri wa kwanza unaoua. Ndiyo, upungufu wa maji ni kitu halisi. Unapunguza damu na kuharakisha joto kupanda. Lakini maji yakizidi nayo yanaangusha. Ukinywa mengi kuliko unayotoa, kwa saa nne au tano mfululizo, sodiamu ya kwenye damu inazimuliwa. Maji yanaingia ndani ya seli, ubongo unavimba, na ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Dalili ni kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba mpaka pete inabana, kuchanganyikiwa, degedege.

Si jambo la nadra kama inavyodhaniwa. Mwaka 2002, kwenye marathoni ya Boston, watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kuliko inavyotakiwa, na watatu walikuwa katika hali ya hatari. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Wa mbele hawana nafasi ya kunywa mpaka wazidiwe. Anayezidiwa ni yule wa nyuma, mtiifu, aliyeambiwa anywe kila kituo hata kama hana kiu.

Kunywa kwa kiu, basi. Wengi wetu hutoka jasho kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa, tofauti ni kubwa kati ya mtu na mtu, na hakuna kipimo kimoja cha wote. Ukitaka kujua chako, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja siku ya joto kama la mashindano. Kila kilo iliyopungua ni lita moja hivi. Kupungua kilo moja au moja na nusu kwa mtu wa kilo 60 si tatizo. Ukirudi na uzito ulioongezeka, umekunywa kupita kiasi, na vinywaji vya wanamichezo havikukingi na hilo, kwa sababu navyo kwa sehemu kubwa ni maji.

Kuhusu misuli kukaza, watu hulamba chumvi. Wengine inawasaidia, hasa wanaotoka jasho la chumvi nyingi. Lakini misuli mingi hukaza kwa sababu imechoka na imetumwa kazi ambayo mazoezini haikuwahi kuifanya. Mtu aliyefanya mazoezi yote kwenye lami tambarare, ndama zikimkaza kwenye mlima wa kilomita ya 17, asiilaumu chumvi.

Aliyeanguka umfanyeje

Ushauri wa pili unaoua ni huu wa kuogopa maji ya baridi. Wazee wetu waliona mtu akipigwa na baridi ghafla anavyoshtuka, wakahofia moyo. Hofu hiyo, kwa mkimbiaji kijana aliyepata kiharusi cha joto, imegeuzwa kichwa chini. Wale 274 wa Falmouth walitumbukizwa kwenye mabeseni makubwa ya maji yenye barafu, mwili mzima, pale pale kwenye hema la madaktari. Wote walipona. Kinachoharibu ubongo, ini na figo ni urefu wa muda ambao mwili umekaa juu ya nyuzi 40, na lengo ni kuushusha ndani ya nusu saa. Kwa hiyo kanuni ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Gari la wagonjwa likikaa dakika 40 kwenye foleni na mtu anachemka ndani yake, limemchelewesha.

Utamtambuaje? Kuna imani kwamba mwenye kiharusi cha joto huwa mkavu. Hiyo ni kweli zaidi kwa wazee walioachwa kwenye nyumba zenye joto kali. Mkimbiaji mara nyingi huwa ameloa chepechepe. Dalili ya kuitazama ni akili. Ni yule anayekwenda upogo akiivuka barabara na kurudi, anayemsukuma kijana wa kituo cha maji na kumtukana bila sababu, anayesema niko sawa niko sawa lakini ukimuuliza leo siku gani anakutazama tu. Akianza kukimbia kuelekea alikotoka, usibishane naye. Mshike.

Kipimajoto cha paji la uso au cha kwapani hakifai hapo, kwa sababu ngozi iliyolowa husoma chini. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, na ndiyo maana hema la madaktari linahitaji kuwa na faragha. Kama beseni hakuna, watu wanne wakishika pembe za turubai, mgonjwa akalazwa katikati na maji ya barafu yakamiminwa, kazi inafanyika. Kama barafu hakuna, ndoo za maji mfululizo na kitu cha kupepea. Usimlazimishe kunywa, maana akili ikiwa imevurugika maji yanaweza kuingia mapafuni, na pia huna hakika kama tatizo lake si lile la maji kuzidi.

Kuzoea, koti na vidonge

Na sisi tuliozaliwa juani? Kwanza, wakimbiaji wengi maarufu wa Kenya hawakulelewa kwenye joto. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya bahari, asubuhi zake ni za sweta. Mtoto wa Iten akishuka Mombasa ni mgeni kwa joto kama mgeni mwingine. Pili, kuzoea joto ni kitu mwili unachokitengeneza kwa siku kumi hadi kumi na nne za kufanya mazoezi ndani ya joto hilo: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema zaidi na linakuwa na chumvi kidogo. Ukiacha, ndani ya wiki chache yote yanayeyuka. Mkazi wa Dar es Salaam anayekimbia saa kumi na moja alfajiri na kushinda ofisini kwenye kiyoyozi amezoea ule ubaridi wa alfajiri. Joto la saa tatu asubuhi yuko nalo mbali.

Koti la nailoni mtu hulivaa kwa ajili ya kupungua. Kilo inayopotea ni maji na inarudi na glasi ya tatu. Mafuta hayatoki kwa jasho. Kinachoyachoma ni kazi, na aliyevaa koti anafanya kazi kidogo kwa kuwa anachoka mapema.

Vidonge vya maumivu kabla ya mbio, diklofenaki na jamaa zake, ni tabia inayokua na haisemwi vya kutosha. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, saa ileile ambayo joto na upungufu wa maji vimeshaipunguza. Kama goti linauma kiasi cha kuhitaji dawa ili uanze, siku hiyo si yako. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kwenye malaria au kuharisha juzi: anajiona amepona, lakini mwili wake bado haujarudi kwenye uwezo wake wa kujipoza.

Limebaki moja, na hili ni la waandaaji. Mbio zikitangazwa kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zianze saa hiyo. Nusu saa ya mwanzoni ndiyo yenye thamani kubwa kuliko barafu yote, kwa sababu ikipotea, wa mwisho kumaliza huilipa saa nne, jua likiwa kali. Lakini tunajua kinachotokea: watu wamepanga mstari, wamepasha misuli mara mbili, tayari wanatoka jasho, na kipaza sauti kinaomba subira kwa kuwa mgeni rasmi yuko njiani. Akija kuna hotuba. Mgeni rasmi apewe kazi ya kugawa medali, na mbio zianzishwe na yeyote aliyewahi kufika.